Prado 95 ya zamani, shokapu zimekufa, mfukoni elfu thelathini na tano. Ninunue zipi?

#1 MtuWaMambrui
Hamjambo wote. Nina Prado 95 ya 1998, dizeli, injini ya 1KZ-TE. Niliinunua miaka sita nyuma kwa mtu wa Watamu na shokapu sijawahi kuzigusa. Mara mbili kwa wiki natoka Mambrui kwenda shambani Baricho, na kurudi huwa nimepakia matikiti. Siku hizi gari likivuka tuta linanesa mara tatu nne ndipo litulie. Nikikanyaga breki pua inainama. Halafu mbele kuna mlio, kok kok, nikipita kwenye mashimo polepole. Juzi nimempeleka mama hospitali Malindi, tulipofika akashuka ameshika kiuno akanambia, "Mwanangu, gari lako larusha kuliko dau la kusi." Hapo ndipo nilipoona haya.

Fundi ameingia chini ya gari, ametoka kidole kimelowa mafuta. Za nyuma zote mbili zimevuja, za mbele anasema "zimechoka". Anataka nibadilishe zote nne. Mimi nina elfu thelathini na tano, na humo ndani mna ufundi. Naweza kununua nne mpya za jina nisilolijua. Naweza kununua mbili nzuri za nyuma, za mbele zingoje. Kuna eksi-Japani, zilizokwisha kutumika huko, za Mombasa. Na kuna kijana wa jua kali anayesema atazijaza mafuta hizi hizi kwa bei ya kilo mbili za nyama. Mungekuwa nyinyi?

#2 FundiBarani
Za nyuma mbili, za kampuni ya KYB, wiki hii. Za mbele ukipata. Shokapu hubadilishwa jozi kwa jozi kwenye ekseli moja, si lazima nne kwa mpigo. Kosa ni kuweka mpya kushoto na kuukuu kulia. Nyuma kwa Prado ni kazi nyepesi: shokapu imesimama peke yake, springi kando, nati juu bolti chini, saa moja umemaliza kama kutu haijashika. Mbele ndiko kwenye shughuli kwa sababu shokapu imo ndani ya springi, na springi lazima ibanwe kwa kibano chake. Ukimwona fundi anaifunga kwa waya, chukua ufunguo wako uondoke. Springi ile ikichomoka haiulizi mtu jina.

#3 Bara_Kwetu
Mimi niko Nairobi lakini wakwe zangu ni wa Malindi kwa hivyo nina haki ya kuongea hapa. Gari yangu ni Prado hiyo hiyo. Niliweka eksi-Japani zote nne, mwaka wa pili sasa na haina shida. Kitu ya Japani hata ikiwa imetumika inashinda mpya ya jina haijulikani. Usidanganywe na boksi.

#4 Maalim_Sabaki
Gari *langu*, Bara_Kwetu. Kitu *cha* Japani. Haya, endeleeni na shokomzoba zenu.

#5 Bara_Kwetu
Maalim nisamehe, mimi Kiswahili nilisomea steji ya matatu.

#6 BiZuhura_Spea
Nauza spea hapa Malindi mwaka wa kumi na moja. Duka silitaji nisije nikaambiwa natangaza biashara.

Kakangu Bara_Kwetu, hebu tupige hesabu. Prado 95 ilitoka 1996 ikaondoka 2002 ilipokuja Prado 120. Shokapu iliyong'olewa kwenye Prado 95 Japani ina zaidi ya miaka ishirini, labda mwenyewe awe aliibadilisha, na hilo wewe na mimi hatuna njia ya kulijua. Mpira wa sili, ule unaozuia mafuta yasivuje, hauzeeki kwa kilomita peke yake, huzeeka hata umelala stoo. Na magari yenyewe hayaingii tena, sheria yetu imekomea miaka minane, kwa hiyo kinachokuja ni vipande vya magari yaliyovunjwa. Vingine vimetoka sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Itoke chumvi ya theluji, ije ipokewe na chumvi ya Gongoni!

MtuWaMambrui, kabla hujanunua popote nisomee namba ya chesisi. KZJ95 ni dizeli ya 3.0. RZJ95 ni petroli ya 2.7. VZJ95 ni petroli ya 3.4. Kuna wauzaji watakwambia Prado ni Prado. Injini ya dizeli ina uzito wake, na springi za mbele si lazima ziwe sawa. Shokapu za Toyota namba zao mara nyingi huanza 48511 kwa mbele au 48531 kwa nyuma, halafu zinafuata tarakimu tano zinazotenganisha hii na ile. Njoo dukani na namba. Usinijie na "nataka ile nyeusi ya mviringo", zote nyeusi, zote za mviringo.

#7 MtuWaMambrui
Ahsante Bi Zuhura. Ni KZJ95. Halafu kuna swichi hapa karibu na gia, ya kuchagua ulaini na ugumu, tangu nimenunua gari nikiibonyeza hakuna kinachobadilika. Inahusika?

#8 BiZuhura_Spea
Inahusika sana. Hizo ni shokapu zinazobadilishwa ugumu kwa umeme, baadhi ya Prado za soko la Japani zilikuja nazo. Ingia chini utazame juu ya shokapu kama kuna waya na kimota kidogo. Kama hakuna, aliyekutangulia aliweka za kawaida na swichi imebaki pambo. Kama zipo, usitafute za umeme mpya, bei yake utauza matikiti mpaka ya mwakani. Weka za kawaida, waya ufungwe vizuri usining'inie.

#9 Kaskazi77
Mimi nilijaza. Nitasimulia maana nilisimama kichwani pa fundi nikitazama mwanzo mpaka mwisho.

Aliibana shokapu kwenye kibano cha meza, akatoboa kwa keekee kitundu cha punje ya mtama, chini kidogo ya shingo. Akaigeuza juu ya kopo la rangi. Yakatoka mafuta meusi, membamba kama maji, yananuka kama dagaa waliosahauliwa juani. Kikombe kimoja cha kahawa, basi. Akachukua bomba la sindano la kudungia ng'ombe, akavuta mafuta ya gia kwenye chupa ya soda, akayasukuma ndani polepole huku akivuta ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokapu juu na chini, mpaka fimbo ikawa nzito. Kitundu akakiziba kwa bolti fupi akaipiga shaba. Nikaambiwa subiri ipoe. Nikalipa, nikaondoka.

Wallahi gari lilikuwa zuri. Gumu kidogo, lakini halinesi. Wiki ya kumi nikatoka Garsen na mbuzi wanne nyuma, nafika Marereni gari linarukaruka kuliko mbuzi wenyewe. Bolti ipo, shaba ipo, mafuta yamepita palepale kwenye sili, kwenye fimbo. Alichoziba si kilichokuwa kimeharibika.

#10 FundiBarani
Sentensi yako ya mwisho iandikwe kwenye ukuta wa kila gereji. Mafuta hutoka kwa sababu sili imekwisha au fimbo imekwaruzika. Kutoboa tundu jingine ni kumpa mgonjwa wa tumbo miwani. Tena mafuta ya gia ni mazito, mafuta ya shokapu ni mepesi, yamepimwa yapite kwenye vali ndogo kwa mwendo maalumu. Ukitia mazito gari linakuwa gumu asubuhi, jioni mafuta yakipata moto linakuwa kitu kingine.

Na kuna hatari. Shokapu zenye silinda moja huwa na nitrojeni ndani kwa presha ya juu sana, si kama ya tairi. Anayetoboa hajui ameshika ipi, ajali hiyo.

#11 Kaskazi77
Lakini fundi, si wewe mwenyewe uliyenijazia mafuta shokapu za pikipiki mwaka jana?

#12 FundiBarani
Za mbele za pikipiki zimetengenezwa zifunguliwe, zina kifuniko cha kufungua kwa spana, sili yake inauzwa na mafuta yake yanauzwa. Ya gari lako imeshonwa kiwandani. Na bado una deni langu.

#13 DerevaWaSala
Nimeendesha wageni kwenda Tsavo Mashariki kwa lango la Sala miaka mingi, zama njia ile yote ni vumbi na mawimbi ya mabati. Watu hudhani shokapu huuawa na mashimo makubwa. Shimo kubwa unaliona, unapunguza. Kinachoua ni yale mawimbi madogo, drrrr drrrr saa mbili nzima. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikiso uwe joto. Mafuta yakichemka yanatoa povu, povu halizuii kitu, gari linaanza kuelea. Hapo unasimama chini ya mbuyu, unakunywa maji, unaliacha lipoe.

Kipimo changu hakihitaji fundi. Ukitoka njia mbaya kama nusu saa, simama, lisogelee kila gurudumu, usogeze mkono karibu na shokapu. Usiikamate kwa pupa, itakubabua. Yenye joto inafanya kazi. Iliyo baridi imekufa, na wenzake wanaifanyia kazi. Fanya hivyo kabla ya kununua nne, MtuWaMambrui. Huenda za mbele unazoambiwa zimechoka ni nzima.

#14 Chumvi_Gongoni
Nipo huku kwenye mashamba ya chumvi, na nitaongeza jambo ambalo watu wa mjini hawalioni. Fimbo ya shokapu imepakwa kromu ing'ae. Chumvi ikikaa juu yake inaila, vidoa vidogo kama chunusi. Fimbo ikiingia na kutoka, kila chunusi inapita kwenye sili kama msasa. Miezi sita sili kwisha. Huku tumeweka za bei ghali, tumeweka za rahisi, zote huenda kwa njia hiyo moja. Zilizodumu kwetu ni zile zenye kikombe au soksi ya mpira ya kufunika fimbo, na gari linaloshwa chini kwa maji matamu kila Ijumaa. Ukinunua, uliza kifuniko cha vumbi kwanza, jina baadaye.

#15 DerevaWaSala
Namba 14, soksi ya mpira mimi huzitoa. Ikichanika kidogo inakusanya matope na mchanga, na mchanga umekaa pale pale kwenye fimbo. Heri uchi unaooshwa kuliko nguo chafu.

#16 Chumvi_Gongoni
Maneno ya mtu anayeishi mbali na chumvi.

#17 Kijana_Ngala
Wazee mimi naona asitumie KYB. Achukue Kayaba ndiyo orijino ya Toyota, KYB ni kopi. Na achukue ya gesi si ya mafuta, ya gesi inanyanyua gari.

#18 Mzee_Casuarina
Mwanangu Kijana_Ngala, umepiga makosa matatu kwa pumzi moja, hongera.

Kayaba na KYB ni kampuni moja. Ni jina la mtu, Shiro Kayaba, aliyeanza shughuli zake Japani 1919. KYB ni ufupisho tu. Toyota huchukua kwao na huchukua kwa Tokico pia, ambayo nayo ni ya Japani. Kwa hiyo ukikuta Tokico kwenye gari usidhani umeibiwa.

Pili, hakuna shokapu ya gesi isiyo na mafuta. Zote zina mafuta. Ya gesi imeongezwa nitrojeni ili mafuta yasitoe povu kwa urahisi, jambo lile lile alilosema DerevaWaSala. Hapo hapo KYB wana aina tatu ambazo muuzaji asiyejua atakuchanganyia: Premium ni ya mafuta tu, silinda mbili moja ndani ya nyingine. Excel-G ni silinda mbili na gesi kidogo. Gas-A-Just ni silinda moja, gesi ya presha kubwa, ngumu zaidi. Mtindo huo wa silinda moja ulianza kutumika kwenye magari ya Mercedes-Benz kwa kazi ya Bilstein wa Ujerumani mwaka 1957, kabla sijaanza chuo cha Kurani.

Tatu, shokapu hainyanyui gari. Gari hubebwa na springi. Gesi itakupa milimita chache, basi. Gari likikaa chini nyuma, shokapu hazina kosa.

Kwa njia ya Baricho ningechukua Excel-G. Gas-A-Just ni nzuri, ila mama atalalamika tena.

#19 Kijana_Ngala
Shikamoo mzee. Nimekaa.

#20 FundiBarani
Mzee yuko sawa kote ila hapo mwisho. Kwa mzigo wa matikiti na njia ya changarawe, silinda moja inapoa haraka kwa sababu mafuta yako karibu na ngozi ya nje. Ningeweka Gas-A-Just nyuma.

#21 Mzee_Casuarina
Na jiwe likiruka likaibonyeza hiyo ngozi ya nje? Pistoni inakwama, shokapu imekwisha siku hiyo hiyo. Ya silinda mbili ikibonyea kidogo inaendelea. Njia ya Baricho ina mawe au haina?

#22 FundiBarani
Ina mawe. Lakini mimi kwa miaka yote nimeona iliyobonyea moja.

#23 MtuWaMambrui
Kwa vile mzee ametaja kukaa chini, nimetoka na futi ya fundi cherehani ya mke wangu nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Mbele sentimita 51 kushoto na 51 kulia. Nyuma kushoto 49, kulia 46 na nusu. Bila mzigo. Hii ni nini?

#24 DerevaWaSala
Springi ya nyuma kulia imechoka. Ndiyo maana gari linagonga chini, unaisingizia shokapu.

#25 BiZuhura_Spea
Au imekatika mzunguko wa mwisho chini kabisa, hutokea sana na haionekani mpaka gari linyanyuliwe kwa jeki. Tia mkono kwenye kikalio cha springi.

#26 Chumvi_Gongoni
Au unapakia matikiti upande mmoja miaka sita.

#27 Maalim_Sabaki
Au ua wako umeinama. Geuza gari upime tena.

#28 MtuWaMambrui
Maalim, nimegeuza. Kulia 47, kushoto 49. Kwa hiyo ua nao una lake.

#29 Bara_Kwetu
Si utie zile raba za springi? Unazisukuma katikati ya mizunguko, gari inanyanyuka. Mimi niliweka. Kuna wengine hata hukata tairi kuukuu. (Maalim usinijibu.)

#30 DerevaWaSala
Raba zinanyanyua, kweli. Lakini unaifunga ile sehemu ya springi isifanye kazi, mzigo wote unahamia mizunguko iliyobaki. Nimeona springi iliyovunjika pale pale raba ilipoishia. Kwa kipande cha tairi ndiyo usiseme.

#31 Tajiri_wa_Jana
Achaneni na hivyo vyote. Weka Old Man Emu za Australia, springi na shokapu zinazokwenda pamoja, usahau. Mimi kwangu zipo tangu nimenunua gari.

#32 MtuWaMambrui
Kaka, nimesema elfu thelathini na tano.

#33 Tajiri_wa_Jana
Kwani shamba lina ekari ngapi?

#34 Fundi_Mdogo_Maweni
Samahanini wakubwa, nimesoma kuanzia juu na naona kitu kimoja kimepitwa. Namba 1 amesema kuna mlio kok kok mbele, akipita mashimo polepole. Shokapu iliyokufa hunesa, hailii hivyo mara nyingi. Kok kok ya polepole huwa ni linki za stebilaiza, bushi, au boljointi ya chini, kile kiungo kinachoshika gurudumu. Na kwa Prado 95 hiyo ya mwisho si ya mzaha. Ilivyofungwa, uzito wa gari unaivuta iachane, hauikandamizi. Ikilegea inachomoka siku moja na gurudumu linalala ubavu chini ya bodi. Toyota Surf 185 ni ugonjwa huo huo, wana mbele inayofanana.

Niliikuta moja imeachana karibu na stendi ya Malindi, bahati nzuri dereva alikuwa anapinda kona, spidi ya baiskeli. Angekuwa njia ya Gede...

Kwa hivyo mimi pesa ya kwanza ningeitia hapo, si kwenye shokapu kabisa. Nyanyua gurudumu kwa jeki chini ya mkono wa chini, tia mtaimbo chini ya tairi uinue kidogo, mwenzako atazame boljointi ikicheza.

#35 FundiBarani
Kijana huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Ni kweli na mimi sikuliona. Nimezeeka.

#36 Kaskazi77
Na deni unalikumbuka.

#37 Bara_Kwetu
Mimi yangu ilikuwa inafanya kok kok na ilikuwa stepni haijakazwa. Natoa tu kama ushahidi.

#38 Mwamu_Mtupu
Nyinyi watu wa Malindi mna raha ya kulalamika. Mimi gari langu linalala Mokowe, mimi nalala kisiwani Amu (Lamu), kati yetu mna maji. Kila nikitaka kulitazama shokapu napanda boti. Zamani kabla ya lami ya Garsen, kutoka Mokowe hadi Witu wakati wa mvua hukujua kama umepanda gari au mashua. Tangu lami ije, shokapu zangu ziko mwaka wa nne, za rahisi kabisa, jina lake hata duka lenyewe halilijui. Kwa hiyo mimi nasema jina si hoja, ndia ndiyo hoja.

Punda wangu huku hana shokapu na hajawahi kuvuja.

#39 Maalim_Sabaki
Punda ana magoti manne, kila goti ni shokapu. Na hospitali yake ipo hapo hapo mbele ya bahari. Gari la Mambrui halina bahati hiyo.

#40 BiZuhura_Spea
Mwamu, nakupinga nusu. Za bei rahisi si zote mbaya, nimeuza zingine zimekaa. Tatizo langu nazo ni kwamba leo zinakuja nzuri, shehena ijayo boksi lile lile vali hazizuii kitu. Mteja hawezi kujua. Kipimo cha dukani ambacho ninamruhusu kila mteja: simamisha shokapu wima, isukume mpaka chini, iache. Kisha ivute. Kuvuta lazima kuwe kugumu kuliko kusukuma, na kusiwe na mahali pa utupu katikati, ile hisia ya mkono kuangukia shimoni. Fanya mara tano sita kwanza, maana ikiwa imelala stoo hewa huhamia mahali pasipo pake na shokapu mpya itaonekana imekufa. Mafundi wengi hufunga bila kufanya hivyo, halafu gari linarudi na mlio, lawama dukani kwangu.

Na feki zipo hata za majina makubwa. Linganisha namba iliyopigwa kwenye chuma na iliyo kwenye boksi. Nimewahi kuletewa boksi la nyuma ndani mna ya mbele ya gari jingine kabisa.

#41 Mzee_Casuarina
Na jingine kwenye ufungaji. Ile bolti ya chini yenye bushi ya mpira usiikaze mwisho gari likiwa juu ya jeki. Ishikize tu, teremsha gari, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza hewani, mpira unakaa umepindika maisha yake yote, miezi michache umechanika, nawe unasema KYB za siku hizi si zile.

#42 DerevaWaSala
Hakuna aliyemuuliza presha ya tairi. MtuWaMambrui?

#43 MtuWaMambrui
40 zote. Aliyeniuzia gari alinambia ndiyo ya Prado.

#44 DerevaWaSala
Basi mama amerushwa na upepo. Kwenye changarawe bila mzigo shusha hadi 28, ukifika lami jaza. Ukiwa na matikiti nyuma ongeza nyuma tu. Nakuhakikishia nusu ya malalamiko yataisha bila shilingi.

#45 FundiBarani
Upepo haukuvuja mafuta kwenye kidole cha fundi.

#46 Msabaha_Moja
Mimi sina Prado, nina probox, lakini naomba nichangie kuhusu matuta kati ya Matsangoni na Gede. Nani aliyaweka yale? Moja halijaisha shokapu haijarudi mahali pake, la pili limekwisha kufika.

#47 Kaskazi77
Probox haina shokapu, ina imani.

#48 Msabaha_Moja
Na inabeba kuliko Prado zenu zote.

#49 MtuWaMambrui
Nimerudi, wiki mbili baadaye. Yaliyotokea ni haya.

Nilianza na la Dereva, presha 28. Mama nimempakia Jumapili tukaenda kumzuru dada yake Marafa. Akasema "afadhali". Hakusema zaidi.

Kisha nikafanya la joto. Nimetoka Baricho nikasimama kivulini, za nyuma zote mbili baridi kama chupa ya maji. Mbele kulia moto, mbele kushoto vuguvugu. Sijui vuguvugu inahesabiwa wapi, hakuna aliyeandika.

Fundi_Mdogo nimemwita, amekuja na mtaimbo wake. Boljointi ya kushoto inacheza, kidogo lakini inacheza. Linki ya stebilaiza nayo upande huo huo imekatika kabisa. Kwa hiyo pesa imegawanyika: boljointi zote mbili na linki, halafu shokapu mbili za nyuma, Excel-G. Juu ya za zamani hamna waya wala kimota, swichi ni pambo kama alivyosema Bi Zuhura. Springi ya kulia haikukatika, imelala tu. Imebaki elfu moja na mia tatu na za mbele hazijaguswa.

Kok kok imekwisha. Kunesa nyuma kumekwisha. Sasa nikishika breki pua bado inainama, na nyuma ilivyotulia naisikia zaidi kuliko mwanzo.

#50 Fundi_Mdogo_Maweni
Hiyo ni shokapu za mbele. Ile ya vuguvugu.

#51 DerevaWaSala
Au springi za mbele. Sentimita 51 kwa dizeli ya mwaka huo mimi naiona ndogo.

#52 Mzee_Casuarina
Au pedi mpya. Ulibadilisha breki karibuni?

#53 MtuWaMambrui
Mzee, nilibadilisha pedi mwezi wa Ramadhani. Kwani breki zikishika vizuri ndiyo kosa?

#54 Bara_Kwetu
Ninazo eksi-Japani mbili za mbele, KZJ95, nakupa bei ya ndugu. Nakuja Malindi mwisho wa mwezi kwa wakwe.

#55 BiZuhura_Spea
Si ulisema zako zote nne ziko kwenye gari na hazina shida?

#56 Bara_Kwetu
Dada, tuongee kando.